Miaka Mitatu Ndani ya Dakika: Mionzi ya Anga za Juu na Ubongo

Kila inapozungumzwa safari ya kwenda Mirihi, swali la kwanza kuhusu mionzi huwa ni la kiasi: mwanaanga atapata dozi gani, na dozi hiyo inavuka mpaka au haivuki? Ni swali la haki, na kwa upande wa saratani lina majibu yanayoeleweka, hata kama hayapendezi. Kwa upande wa ubongo na mfumo wa neva, hata hivyo, miaka ya kusoma ripoti za majaribio haya imenifanya niamini kwamba namba ya dozi inatuambia machache kuliko tunavyodhani. Linaloamua uzito wa ushahidi wetu ni muda. Mionzi ambayo mwanaanga ataipata kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, sisi huwa tunaijaribu kwa dakika chache, tena kwa panya, na karibu kila ubishi katika taaluma hii ukiufuata hadi mwisho wake utakukuta umesimama hapo.

Watu wengi wakisikia habari za mionzi hufikiria eksirei ya hospitali. Mionzi ya kosmiki itokayo kwenye galaksi ni kitu kingine: ni viini vya atomi vilivyovuliwa elektroni zake, vikisafiri kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Takriban asilimia 87 ya viini hivyo ni protoni, asilimia 12 ni heli, na asilimia moja inayobaki ni viini vizito kama vile vya kaboni, oksijeni, silikoni na chuma. Asilimia moja hiyo ndiyo inayowashughulisha zaidi wataalamu wa ubongo. Nishati ambayo chembe huiacha njiani inapopita ndani ya tishu hupanda kwa mraba wa chaji yake. Kiini cha chuma kina protoni 26, kwa hiyo kikipita kwa kasi ileile ya protoni moja huacha nishati takriban mara 676 zaidi katika kila mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) ya njia yake. Eksirei huitawanya nishati yake katika tishu nzima karibu kwa usawa. Kiini cha chuma huchimba mfereji mwembamba ulionyooka. Seli zilizo kwenye mfereji huo hupata kipigo kikubwa, na zile zilizo pembeni kidogo huambulia elektroni zilizorushwa kando, au haziguswi kabisa. Tunaposema kwamba ubongo umepata miligrei 50 (grei ni kipimo cha nishati iliyobaki katika kila kilo ya tishu), tumegawa kwa usawa juu ya karatasi kitu ambacho ndani ya kichwa hakikugawanywa kwa usawa.

Duniani tunakingwa na angahewa na uga wa sumaku. Mwanafizikia Victor Hess alipopanda kwa puto mwaka 1912 hadi zaidi ya mita 5,000 na kukuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua, alikuwa amegundua kwamba chanzo kiko juu, nje ya dunia. Wanaanga walio katika Kituo cha Kimataifa cha Anga wameshaliacha angahewa, lakini bado wamo ndani ya uga wa sumaku wa dunia, na hilo huwapunguzia sehemu kubwa ya mionzi. Anayekwenda Mirihi ataiacha kinga hii nayo. Kifaa cha kupimia mionzi kilichosafiri ndani ya chombo kilichobeba gari la utafiti la Curiosity, kati ya mwishoni mwa 2011 na Agosti 2012, kilipima wastani wa milisiverti 1.84 kwa siku njiani, na baada ya kutua kilipima takriban milisiverti 0.64 kwa siku. Wastani wa mionzi ya asili ambayo mtu wa kawaida duniani huipata kwa mwaka mzima ni takriban milisiverti 2.4, kiasi ambacho msafiri yule angekipata kwa chini ya siku moja na nusu. Watafiti walikadiria kwamba siku 360 za kwenda na kurudi peke yake zingefikisha milisiverti 660, na mpaka wa maisha yote ya kazi ambao NASA iliuweka mwaka 2022 kwa kila mwanaanga, mwanamume kwa mwanamke, kijana kwa mzee, ni 600.

Hapa kuna jambo ambalo ripoti nyingi za magazeti hulipita. Siverti ni kipimo kilichotengenezwa kwa kuzingatia zaidi saratani: unachukua nishati iliyobaki katika tishu, unaizidisha kwa namba inayoonyesha jinsi aina fulani ya mionzi inavyozidi nyingine kwa madhara ya aina hiyo. Hakuna sababu ya kuamini kwamba namba hiyo hiyo inafaa kwa seli za neva, ambazo nyingi hazigawanyiki tena na kazi yake hutegemea maungio badala ya wingi. NASA yenyewe inalijua hilo, na ndiyo maana viwango vyake vina mstari wa pekee kwa mfumo wa kati wa neva: kwa viini vyenye chaji ya 10 na kuendelea, mpaka ni miligrei 100 kwa mwaka na 250 kwa maisha yote ya kazi, bila kuzidishwa kwa chochote. Naona uamuzi huo ni wa kiungwana, maana unakiri kwamba hatuna bado kizidisho cha kutumia.

Mfumo wa neva ndio uliotoa taarifa ya kwanza ya mionzi hii kwa mwenye mwili. Mwaka 1952, kabla ya binadamu yeyote kwenda angani, mwanafizikia Cornelius Tobias alitabiri kwamba wasafiri wa anga wangeona mimweko ya mwanga kutokana na chembe nzito zinazopita machoni. Mwaka 1969 Buzz Aldrin, aliporudi kutoka Mwezini na Apollo 11, alieleza kuwa ameiona gizani, na baada yake wanaanga wa safari zilizofuata walitengewa vipindi maalumu vya kukaa wamefunikwa macho na kutaja kila mmweko: mstari, nukta, wingu. Kwa wastani waliona mmoja katika kila dakika tatu hivi. Katika Apollo 16 na 17 mwanaanga mmoja alivaa kofia yenye mabamba ya kunasa alama za chembe, ili muda wa mmweko ulinganishwe na njia ya chembe iliyopita kichwani. Tobias na wenzake huko Berkeley walikwenda mbali zaidi na kuweka vichwa vyao wenyewe mbele ya mwale wa mtambo wa kuongeza kasi ya chembe, jambo ambalo kamati yoyote ya maadili ya leo ingelikataa kabla ya chai ya saa nne. Waliona mimweko. Ilithibitika kwamba chembe chache mno zinaweza kuamsha mwitikio ambao mtu anauhisi, ingawa kuhisi si kuumia, na retina si ubongo wote.

Apollo 17 ilibeba pia panya wadogo watano wa jangwani, kila mmoja akiwa na vinasa alama vya chembe vilivyopachikwa chini ya ngozi ya kichwa. Wanne walirudi hai. Uchunguzi wa ubongo wao haukupata majeraha ambayo yangeweza kuhusishwa waziwazi na chembe zilizopita, na kwa miaka mingi matokeo hayo yaliwatuliza watu. Ukiyatazama leo unaona mipaka yake miwili: safari ilidumu siku 12 hivi, na waliokuwa wakitafuta walitafuta seli zilizokufa. Seli ya neva inaweza kubaki hai na ikapoteza maungio yake, na hilo halikuwa likionekana kwa urahisi kwa vifaa vya wakati huo.

Sehemu kubwa ya tunayoyajua sasa imetoka katika jengo moja. Mwaka 2003 NASA ilifungua maabara yake ya mionzi ya anga katika Brookhaven National Laboratory, Long Island, jimbo la New York, mahali ambapo tayari palikuwa na mitambo ya kuongeza kasi ya viini vizito. Panya huwekwa kila mmoja katika kisanduku chake cha plastiki, visanduku hupangwa mbele ya mdomo wa mwale, watu wote hutoka na mlango hufungwa, kisha viini vya chuma, oksijeni au titani hupita kwa mapigo hadi dozi iliyokusudiwa itimie. Mara nyingi kazi hiyo humalizika kwa dakika. Baadaye maabara iliboresha mbinu na kuanza kutumia mchanganyiko wa miale 33 ya viini na nishati mbalimbali, mmoja baada ya mwingine, ili kukaribia mchanganyiko halisi wa anga za juu. Aina za chembe sasa zinakaribia uhalisia. Kasi ya kuzipokea, katika majaribio mengi, bado.

Matokeo yaliyosikika zaidi yalitolewa mwaka 2015 na timu ya Charles Limoli wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Walitumia panya ambao baadhi ya seli zao za neva hung'aa kijani kwa sababu ya protini iliyopandikizwa katika vinasaba vyao, wakawapiga viini vya oksijeni au titani kwa dozi za miligrei 50 au 300, kisha wiki kadhaa baadaye wakaangalia gamba la mbele la ubongo. Chini ya darubini seli hizo zinaonekana zikitoa matawi marefu yanayogawanyika, na juu ya kila tawi kuna vichomozo vidogo mno, vingi vikiwa na upana usiofika mikroni moja, ambako seli nyingine hufikisha ujumbe wake. Picha huchukuliwa tabaka kwa tabaka, zikaunganishwa kuwa umbo kamili, kisha vichomozo vikahesabiwa. Kwa panya waliopigwa mionzi matawi yalikuwa yamepungua mgawanyiko wake na vichomozo vilikuwa vichache. Kazi iliyofuata mwaka 2016 ilionyesha kwamba upungufu wa kumbukumbu ulikuwa bado upo wiki 24 baada ya mionzi, na kwamba panya hao walishindwa zaidi ya wenzao kuiacha hofu ambayo haikuwa na sababu tena.

Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika sana katika kazi hizi kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hitimisho kubwa hujengwa juu yake. Panya huwekwa katika sanduku lenye vitu viwili vinavyofanana, akaachwa avinuse kwa dakika chache, akatolewa. Sakafu na vitu hufutwa kwa alkoholi ili harufu isije ikamwongoza. Baadaye hurudishwa, safari hii kitu kimoja kikiwa kimebadilishwa. Panya mzima huelekea kwenye kitu kipya kwa sababu kile cha zamani anakikumbuka. Panya ambaye kumbukumbu yake imelegea hugawa muda wake sawa kwa sawa. Mtafiti huhesabu sekunde ambazo pua imeelekezwa huku au kule, na tofauti ya sekunde hizo ndiyo namba inayochapishwa. Siidharau namba hiyo, kwani imethibitika katika maradhi mengine mengi. Lakini panya mwoga, au aliyechoka, au asiye na hamu siku hiyo, naye hugawa muda wake vibaya. Ndiyo maana binafsi naweka imani kubwa zaidi kwenye hesabu ya vichomozo kuliko kwenye sekunde za pua, na naamini zaidi pale yote mawili yanapokwenda pamoja kwa mnyama yule yule.

Nini kinachoondoa vichomozo hivyo? Mshukiwa mkuu ni mikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Katika hali ya kawaida hupita zikikagua, zikiondoa mabaki na kupunguza maungio yasiyohitajika. Baada ya mionzi huamka, na inaonekana baadhi yake hazilali tena, zikaendelea kula maungio yenye afya kwa wiki na miezi. Timu ya Susanna Rosi katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, iliijaribu dhana hiyo kwa njia ya moja kwa moja mwaka 2018: baada ya kuwapiga panya viini vya heli, waliwachanganyia kwenye chakula, kwa takriban wiki mbili, dawa inayoangamiza mikroglia. Dawa iliposimamishwa mikroglia mpya ziliota, na miezi kadhaa baadaye panya hao walikitambua kitu kipya kama wale ambao hawakupigwa mionzi, huku wenzao wasiopewa dawa wakishindwa. Mwaka huo huo timu hiyo iliripoti kwamba panya majike, tofauti na madume, hawakuonyesha upungufu huo. Kwa maoni yangu haya ni matokeo yenye nguvu kuliko yote katika taaluma hii, kwa sababu yamegusa chanzo na matokeo yakabadilika.

Turudi kwenye muda. Mikroglia ikiwa ndiyo mhusika, basi swali la dakika dhidi ya miaka linakuwa na majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yana mantiki. Pengine mionzi inayokuja polepole haifikii kamwe kiwango cha kuziamsha seli hizo, na hapo majaribio ya Brookhaven yatakuwa yamezidisha hatari. Pengine kinyume chake: kila chembe nzito inayopita huziamsha kidogo, na kwa kuwa nyingine huja kabla hazijatulia, ubongo hukaa katika hali ya jeraha kwa miaka mitatu mfululizo. Wapo wanaosema kwamba kwa viini vizito muda hauna maana, kwa sababu vinapita kwa nadra kiasi kwamba seli moja ya neva ikigongwa na chuma itagongwa mara moja tu, iwe kwa dakika au kwa miaka. Hoja hiyo ni sahihi kwa seli moja moja. Tatizo ni kwamba mikroglia haikai peke yake ikisubiri zamu yake. Hupokea habari kutoka kwa majirani, na ujirani huo ndio unaotofautisha kipigo kimoja kikubwa na vidogo vingi vilivyotawanyika.

Jaribio lililojitahidi kulijibu hilo lilichapishwa mwaka 2019, na Limoli alikuwa miongoni mwa wahusika. Panya waliwekwa karibu na chanzo cha kaliforni, elementi yenye unururifu, kinachotoa nyutroni na miale ya gama, wakapata miligrei moja kwa siku kwa miezi sita, jumla miligrei 180. Mwishoni walionyesha upungufu wa kujifunza na kukumbuka, walikuwa na dalili za wasiwasi, na seli za hipokampasi zao, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, zilikuwa ngumu zaidi kuamshwa. Kwa hiyo upole wa kasi haukuwaokoa. Hata hivyo nyutroni si chuma, na panya huishi takriban miaka miwili, hivyo miezi sita kwake ni kama robo ya maisha, tofauti kabisa na miaka mitatu ya mtu wa miaka 45. Jaribio moja la muda mrefu limenishawishi zaidi ya majaribio kadhaa ya dakika, lakini halijafunga mjadala.

Jambo jingine ambalo wastani hulificha ni tofauti kati ya mnyama na mnyama. Katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Robert Hienz na Catherine Davis waliwafundisha panya wakubwa kuitikia taa kwa haraka, zoezi linalofanana na kipimo cha umakini wanachofanya wanaanga wenyewe, kisha wakawapiga protoni. Baadhi yao walianza kuchelewa na kubonyeza kabla ya wakati; wengine, waliopata dozi ile ile, hawakubadilika. Ukijumlisha wote na kugawa, unapata upungufu mdogo ambao haumhusu panya yeyote aliyekuwepo. Kwa kikosi cha watu wanne walio mbali kiasi kwamba ujumbe wa redio huchukua dakika kadhaa kufika, kujua kwamba wastani umeshuka kidogo hakusaidii. Linalohitajika ni kumjua yule mmoja atakayeathirika kabla ya kuondoka.

Kwa binadamu tuna vipande tu. Scott Kelly alikaa siku 340 katika kituo cha anga mwaka 2015 hadi 2016 huku pacha wake Mark akibaki duniani, na ripoti iliyotoka 2019 ilionyesha kwamba kasi na usahihi wake katika vipimo vya akili vilishuka baada ya kurudi. Alikuwa ndani ya uga wa sumaku muda wote, na mtu aliyetoka kuishi bila uzito akarudi kubeba mwili wake ana sababu nyingi za kuchelewa kufikiri. Picha za ubongo za wanaanga wengine zimeonyesha kwamba kukosa uzito peke yake huusogeza ubongo juu ndani ya fuvu. Kipande kingine kinatoka kwa wagonjwa wa saratani wanaopigwa mionzi ya kichwa kizima: utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba wale ambao hipokampasi yao iliepushwa na mwale, huku wakipewa dawa ya memantini, walihifadhi uwezo wao wa akili vizuri zaidi. Dozi zao ni kubwa mno kuliko zile za Mirihi kwa aina nyepesi ya mionzi, kwa hiyo sithubutu kulinganisha kiwango. Ninachokichukua kutoka kwao ni mahali, kwamba sehemu ile ile inayoathirika kwa panya ndiyo inayostahili kulindwa kwa mtu.

Kuhusu kinga nitakuwa mfupi. Ukuta mnene wa alumini huvunja viini vizito kuwa vipande vidogo na nyutroni, na vipande hivyo navyo hupenya. Vitu vyenye hidrojeni nyingi, kama maji na polithini, hufanya kazi vizuri zaidi, ila uzito wake hauruhusu unene wa kutosha kusimamisha mionzi ya galaksi. Vinasaidia zaidi dhidi ya dhoruba za Jua, kama ile ya Agosti 1972 iliyotokea baada ya safari ya Apollo 16 na kabla ya ile ya Apollo 17. Watafiti Rabin na Joseph waliwalisha panya dondoo za matunda ya stroberi na bluberi na wakaona afueni fulani, nami nasita kulipa jambo hilo uzito zaidi ya huo.

Jaribio ninalolisubiri lina sharti moja gumu: wanyama wapelekwe nje ya uga wa sumaku kwa miezi, wapimwe umakini wao huko huko wakiwa bado njiani, na duniani wawepo wenzao wanaokula chakula kile kile, wanaosikia kelele ile ile na kulala kwa ratiba ile ile, pamoja na kundi la tatu katika mzunguko wa karibu na dunia ili athari ya kukosa uzito iweze kutolewa katika hesabu. Mitambo ya duniani haiwezi kurusha chuma kidogo kidogo mchana na usiku kwa mwaka mzima kwa ajili ya panya wachache, kwa sababu kila saa ya mwale ina watafiti wengine wanaoisubiri. Kwa hiyo ni lazima kazi hiyo ifanyike kwenye chombo chenyewe, na mwenye kupanga uzito wa chombo atalazimika kuamua kama kizimba cha panya kinastahili nafasi ambayo ingeweza kubeba kilo kadhaa za polithini.